Matawi ya Simba na Yanga hapa Morogoro tunaandaa zoezi la kuchangia damu: naomba tujadili kwa nini lisiwe la siku moja

#1. Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wapenda soka, habari za jioni. Ninaandika kwa niaba ya kamati ya muda ya matawi mawili ya mashabiki hapa Morogoro, moja la Simba na moja la Yanga, ambayo kwa mara ya kwanza yamekubali kukaa meza moja kwa jambo lisilohusu matokeo ya uwanjani. Tumeamua kuandaa zoezi la kuchangia damu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, lakini kwanza niruhusuni nieleze jambo ambalo nimelisimamia kwenye vikao vyote vitatu na ambalo bado baadhi ya wenzangu hawajaliafiki.

Anayefuatilia mpira wa nchi hii anafahamu kwamba kuelekea Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za klabu hizi mbili za kufungua msimu, matawi huamka. Mashabiki huzuru wagonjwa, hufanya usafi masokoni, hupeleka mahitaji kwenye vituo vya watoto na huchangia damu. Ni desturi njema, nami nimeishiriki kwa miaka mingi nikiwa nimevaa jezi yangu. Tatizo ni kwamba karibu mambo hayo yote hufanyika katika majuma mawili au matatu ya kuelekea ufunguzi wa msimu, kisha kimya kinatanda hadi mwaka unaofuata.

Mwaka juzi tawi letu lilipeleka msaada katika kituo kimoja cha kulelea watoto. Tulipiga picha, tukaimba, tukakabidhi. Wakati wenzangu wanapanda gari, mama mlezi aliniomba nimsaidie kuingiza mizigo stoo. Nilipofungua mlango nilikuta mifuko ya sukari imepangwa hadi usawa wa dirisha, na katoni za sabuni zimezuia njia, maana kabla yetu walikwishapita wageni wengine juma hilo hilo. Mama yule alinishukuru kwa unyenyekevu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mwezi wa kumi na moja stoo hii huwa tupu, na hapo hatumwoni mtu." Maneno hayo sijayasahau.

Sukari angalau inaweza kukaa. Damu haikai. Chembe nyekundu za damu, zikiwa kwenye mfuko wenye dawa ya kawaida ya kuzihifadhi, hudumu siku 35. Hesabu ni nyepesi: mfuko uliotolewa tarehe 5 Agosti unafikia mwisho wake tarehe 9 Septemba. Mama atakayevuja damu baada ya kujifungua mwezi Novemba hatanufaika kwa lolote na umati wetu wa Agosti.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba tugawanye zoezi hili mara tatu, yaani Desemba mwanzoni, Aprili na Agosti. Mwanamume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, hivyo mpangilio huo unamwezesha kila mmoja wetu kurudi mara zote tatu. Desemba nimeichagua kwa sababu wanafunzi wa sekondari ni nguzo kubwa ya uchangiaji wa hiari, na shule zikifungwa nguzo hiyo inaondoka. Aprili ni masika, na baada ya masika malaria huwaandama watoto, wengi wao wakifikishwa hospitali wameishiwa damu.

Wanaopinga wanasema hamasa ya mashabiki hupatikana Agosti tu, na kwamba Desemba tutajikuta watu kumi na wawili chini ya turubai. Naomba maoni yenu.

#2. Katibu wa tawi, Mwanza

Mwanzisha uzi, hongereni kwa kuyakutanisha matawi mawili. Sisi tumekwishaandaa zoezi kama hilo mara kadhaa, na nitasema machache ambayo hatukuyajua mwanzoni.

Mara ya kwanza waliojiandikisha walikuwa wengi, na tukajivunia orodha ndefu. Siku yenyewe karibu theluthi moja walirudishwa. Wengine walikuja bila kula tangu jana yake, wakidhani ni kama kipimo cha maabara kinachohitaji njaa. Wengine walikuwa wamekesha kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira na kunywa pombe. Wengine uzito wao haukufika kilo 50, na wapo vijana wa miaka 16 waliosikitika sana kuambiwa kwamba mchangiaji anapaswa kuwa na umri wa miaka 18 hadi 65. Yote hayo yangeweza kusemwa siku tatu kabla kwa ujumbe mfupi wa simu: kula vizuri, kunywa maji ya kutosha, usinywe pombe, lala mapema, na kama unatumia dawa yoyote mweleze muuguzi.

Kipo pia kipimo cha wingi wa damu, ambacho kwetu kilikuwa kikionekana na kila mtu. Muuguzi alichoma ncha ya kidole, akachukua tone na kulidondosha kwenye chupa yenye kimiminika cha buluu, ambacho ni maji yaliyochanganywa na salfeti ya shaba. Tone likizama upesi, damu inatosha. Likielea au likisitasita, mtu anaambiwa aende akale mboga za majani, maharage, dagaa na maini, kisha ajaribu siku nyingine. Watu walisimama kuizunguka ile chupa na kushangilia kila tone lililozama kana kwamba ni bao, na ilifurahisha mpaka tone la mwenzetu mmoja lilipoelea. Kelele zilizopigwa na upande wa pili zilimfanya aondoke bila kuaga, na hadi leo hajarudi kwenye tawi. Kumbe alikuwa na upungufu mdogo tu uliohitaji lishe.

Tangu hapo tuna kanuni mbili ambazo nawasihi mzichukue. Kwanza, meza ya kupimia iwe ndani, nyuma ya pazia, na utani wetu wa Simba na Yanga uishie nje ya turubai. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, aliyetoa damu na aliyerudishwa wote watokee mlango mmoja na kupita kwenye meza ileile ya soda na biskuti. Mkiwapa soda waliotoa pekee, mtaa mzima utajua nani hakutoa, na kwa jinsi watu walivyo wepesi wa kudhania magonjwa, maneno yatasambaa kabla jua halijazama.

#3. Mkazi wa Kihonda

Naomba niwe mkweli. Watu wa huku mtaani wanauliza: sisi tunatoa damu bure, lakini ndugu zetu wakilazwa tunaambiwa tulete wachangiaji au tunasikia mtu ametakiwa kutoa fedha. Kwa nini nitoe damu ambayo sijui inakwenda wapi? La pili ni fedha za maandalizi. Kila zoezi huwa na michango, na kila baada ya zoezi huwa na manung'uniko. Mmejipanga vipi?

#4. Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kihonda, ahsante kwa kuuliza hadharani kile ambacho wengine wanakisema pembeni.

Damu haiuzwi, na mtu yeyote anayeomba fedha ili mgonjwa apewe damu anatenda kosa ambalo linapaswa kuripotiwa kwa uongozi wa hospitali husika. Sitakuambia kwamba haijawahi kutokea mahali popote, kwa sababu malalamiko nimeyasikia na sikuwapo kuyathibitisha. Ninachojua ni kwamba uhaba wenyewe ndio unaompa mtu asiye mwaminifu nafasi. Jokofu likiwa tupu, kila mfuko unakuwa na bei mikononi mwake. Likiwa na akiba, hana cha kuuza.

Kuhusu ndugu kutakiwa kuleta wachangiaji, hilo nalo ni zao la akiba kuwa ndogo. Familia inajaziliza kile kilichotumika. Tukiwa na wachangiaji wa hiari wanaorudi mara kwa mara, mzigo huo unawatoka watu walio katika saa mbaya kuliko zote maishani mwao.

Kuhusu fedha, kamati imekubaliana kwamba hakuna mchango utakaopokelewa kwenye simu ya mtu binafsi, hata iwe ya mwenyekiti. Tunafungua akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja kutoka kila tawi na wa tatu ni mzee wa mtaa asiye mwanachama wa tawi lolote. Mahitaji yetu ni madogo: turubai, viti, maji, soda, biskuti, spika na nauli za wahamasishaji. Vifaa vya kutolea damu huja na wataalamu. Stakabadhi zote zitapigwa picha na kuwekwa kwenye makundi ya matawi yote mawili siku hiyohiyo jioni, na chochote kitakachobaki kitahesabiwa mbele ya wote.

#5. Mtaalamu wa maabara

Nimefanya kazi kwenye timu za kukusanya damu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nichangie kwa upande huo. Mwanzisha uzi amegusa kiini cha jambo, lakini tiba aliyoipendekeza bado haijafika mbali vya kutosha.

Chukueni mfano mkubwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa una nafasi ya watazamaji takriban 60,000. Tuseme siku ya mechi ya watani mmoja kati ya kila ishirini akubali kutoa damu: zingepatikana chupa 3,000 kwa siku moja. Inasikika kama neema, ila kila mfuko unatakiwa kupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha kutambuliwa kundi lake, kuwekewa lebo na kuhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 6. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vina idadi, majokofu yana ukubwa wake na wataalamu wana mikono miwili. Pale penye mashine ya kutenganisha damu, mfuko mmoja hutoa pia plazma, yaani maji ya damu, ambayo ikigandishwa hukaa muda mrefu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo hudumu siku tano tu. Nawaomba mzikumbuke hizo siku tano. Mgonjwa anayehitaji chembe sahani hawezi kusubiri sherehe ya mtu yeyote.

Kwa hiyo mawimbi matatu ni bora kuliko wimbi moja, lakini bado ni mawimbi. Tunachokihitaji ni mfereji unaotiririka. Nashauri msianze na tarehe. Nendeni kwanza kwa watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama na maabara ya hospitali mnayokusudia kuisaidia, mkaulize maswali mawili: ni miezi gani akiba yenu hushuka, na mnaweza kupokea chupa ngapi kwa siku moja bila kuathiri ubora. Majibu hayo ndiyo yatakayopanga kalenda yenu. Mkisikiliza mtaona, kwa mfano, kwamba tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, iliyowekwa siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu, kwa kawaida taasisi nyingi huandaa mazoezi yao. Kwenu ninyi yanaweza kufaa zaidi majuma yanayofuata, wakati wengine wamekwisha kukunja maturubai.

Kisha wagawanyeni wanachama wenu katika makundi madogo, watu kumi na watano au ishirini, kila kundi na mwezi wake. Kundi la Januari likitoa, linapumzika, na linaitwa tena Mei au Juni. Ndani ya kipindi hicho mwili unajaza kila kilichotolewa: maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa. Siku kubwa ya Agosti iwe ya kuwapata wachangiaji wapya, si ya kuwakamua wa zamani.

Lipo na suala la orodha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kamati ibaki na jina, simu na mwezi wa mtu kuitwa, basi. Majibu ya vipimo ni kati ya mchangiaji na wataalamu, na hakuna mwenyekiti wa tawi anayepaswa kuyaona wala kuyauliza.

#6. Mama wa Mazimbu

Mimi si shabiki mkubwa wa mpira, mume wangu ndiye Mwananchi, lakini nimeusoma uzi huu wote kwa sababu mwanangu wa miaka tisa ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli.

Damu yake hushuka ghafla. Mwaka jana alilazwa mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ya Krismasi. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi nikiwa na daftari lenye majina ya ndugu na majirani, nikipiga simu moja baada ya nyingine. Kaka yangu alikuwa amekwishatoa mwezi wa kumi. Shemeji alikuwa amesafiri kwenda kijijini. Jirani mmoja alikuja na kurudishwa kwa kuwa alikuwa kwenye dawa. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimefuta majina yote kwenye ukurasa wa kwanza. Aliyekuja kutoa alikuwa kijana wa bodaboda ambaye simfahamu, aliyekuwa amemleta mgonjwa mwingine na kunisikia nikizungumza na simu. Mwanangu aliongezewa damu usiku ule.

Ninachowaomba viongozi wa matawi ni kimoja. Katika hayo makundi ya kila mwezi, wekeni watu wengi wa uhakika Desemba. Na wanawake tusiachiwe kumimina soda tu. Wajawazito na wanaonyonyesha hawachangii, hilo linaeleweka, lakini tulio wazima tunaweza kutoa, na hata yule asiyeweza kutoa anaweza kuishika hiyo orodha na kupiga simu. Mimi nimejizoeza kupiga simu. Nitaifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

#7. Mhamasishaji, tawi la Simba

Mama, pole sana kwa yaliyokukuta, na tunamwombea mtoto afya njema. Nafasi ya kupiga simu ni yako.

Nina hoja moja kwa kamati. Kwa kuwa tuko matawi mawili, kwa nini tusifanye ushindani? Tuweke ubao mkubwa, upande mmoja mwekundu na mwingine njano na kijani, kila chupa ihesabiwe, na tawi litakaloshinda lipewe jezi mpya kwa wachangiaji wake. Nawahakikishia hata Desemba turubai litajaa.

#8. Mtaalamu wa maabara

Mkuu, ninaelewa nia yako, na ninajua nguvu ya ushindani wa timu hizi. Hata hivyo naomba sana msifanye hivyo, na sababu yangu ni ya kitaalamu.

Usalama wa damu unaanzia kwenye dodoso, si kwenye mashine. Mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupimwa na kipimo kisione kitu, kwa sababu maambukizi bado ni machanga. Kinga iliyopo kwa wakati huo ni ukweli wake mwenyewe anapoulizwa maswali faraghani. Ukimwekea jezi mbele yake, au ukimsimamisha chini ya ubao ambapo wenzake thelathini wanasubiri chupa yake ili waongoze, unampa sababu ya kuficha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza damu itolewe kwa hiari na bila malipo. Soda na biskuti ni sehemu ya huduma. Jezi ni malipo.

#9. Katibu wa tawi, Mwanza

Ninaunga mkono. Kama ni lazima muwe na ubao, hesabuni jambo moja tu: ni wangapi waliokuja mara ya pili wakaonwa na wataalamu, ikiwa wametoa au hawakutoa. Sisi tuliona wazi kwamba anayerudi mara ya pili huwa wa kudumu, na kumrudisha ndiyo kazi ngumu kuliko kazi zote. Wengi hawarudi kwa sababu hakuna aliyewakumbusha.

#10. Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, tumekutana leo jioni matawi yote mawili, na uzi huu tuliusoma kwa sauti kikaoni, ikiwa ni pamoja na ujumbe wa Mama wa Mazimbu, ambao ulipokwisha kusomwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzungumza.

Pendekezo langu la mara tatu nimeliondoa mwenyewe na kuunga mkono la makundi ya kila mwezi. Jumatatu watu wanne wa kamati watakwenda kuonana na watu wa Damu Salama na maabara ya hospitali ya mkoa wakiwa na yale maswali mawili, na hatutatangaza tarehe yoyote kabla ya kupata majibu. Orodha ya wanachama walio tayari imefikia majina 94. Hatujawagawa kwa timu. Kila kundi la mwezi litakuwa na mchanganyiko wa jezi zote mbili, ili Simba akipigiwa simu na Yanga, au Yanga na Simba, lionekane jambo la kawaida.

Ubao wa ushindani hautakuwapo, na mhamasishaji wetu amelikubali hilo kwa uungwana. Amepewa kazi ya kuandaa ujumbe wa siku tatu kabla, unaowakumbusha watu kula, kulala na kutokunywa pombe. Meza ya kupimia itakuwa nyuma ya pazia, na mlango wa kutokea utakuwa mmoja kwa wote.

Tumejaza kundi la Desemba kabla ya makundi mengine. Lina watu 22, na saba kati yao wamekubali kuwa wa akiba, yaani hawatatoa kuanzia mwezi wa tisa ili simu ikipigwa usiku wawe wanaruhusiwa. Jina la kwanza kwenye hao saba ni langu. Mama, daftari lenye namba zao utaletewa Jumapili baada ya ibada, na mke wa mwenyekiti wetu ndiye atakayelileta, kwa kuwa ameomba mpige hizo simu pamoja.